Ziwa Tanganyika lapimwa kutoka angani: Je, fedha za anga za juu zingefaa zaidi duniani?

Mwezi Aprili 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipokuwa yameingia katika bandari ya Bujumbura na kuzingira nyumba za ufukweni, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa walitoa tamko la pamoja kuiomba dunia msaada. Kwa mujibu wa tamko hilo, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wameathirika tangu Septemba mwaka uliotangulia, na idadi ya waliohama makazi yao ndani ya nchi ilikuwa imepanda kwa robo nzima na kupita 96,000.

Wakati familia za Gatumba zikihamisha magodoro kwa mitumbwi, ziwa lilelile lilikuwa likipimwa kutoka angani, kwa umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Setilaiti za Marekani na Ulaya hupita juu ya Tanganyika kwa ratiba isiyobadilika, zikirekodi kimo cha maji kwa sentimita. Takwimu hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Aliyezifuatilia aliona maji yakipanda miezi mingi kabla ya tamko la Aprili.

Hali hiyo inalirejesha swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu binadamu aanze kurusha roketi: mabilioni ya fedha za umma yanayotumika katika anga za juu, je, hayangefaa zaidi kulisha wenye njaa na kuwajengea makazi waliokosa? Kwa mtazamo wa Bujumbura, mji ulio katika moja ya nchi zenye pato dogo zaidi kwa kila mtu duniani, jibu huonekana rahisi kuliko lilivyo.

Swali lililoanzia langoni mwa roketi

Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka kuelekea mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, aliyechukua nafasi ya Martin Luther King Jr. katika uongozi wa harakati za haki za watu weusi, alifika Cape Kennedy akiwa na mamia ya watu maskini na mikokoteni iliyovutwa na nyumbu. Alikuja kupinga taifa tajiri kupeleka watu mwezini huku raia wake wakilala njaa. Mkuu wa NASA wa wakati huo, Thomas Paine, alitoka kumlaki, akamweleza kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe cha kurusha roketi kungemaliza umaskini wa Marekani, basi wasingekibonyeza. Wawili hao waliagana kwa heshima, na baadhi ya wafuasi wa Abernathy wakapewa nafasi ya kutazama urushaji.

Mwaka uliofuata swali hilo lilitoka Afrika, tena katika nchi inayopakana na Ziwa Tanganyika. Mtawa aliyekuwa akihudumu Kabwe nchini Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi Ernst Stuhlinger wa kituo cha NASA cha Huntsville akimuuliza anawezaje kupendekeza matumizi ya mabilioni ya dola kwa safari ya sayari ya Mihiri ilhali watoto wanakufa kwa njaa. Jibu la Stuhlinger, la tarehe 6 Mei 1970, lilipata umaarufu mkubwa na baadaye NASA ikalichapisha. Alimsimulia sista habari za mtawala mmoja wa mji mdogo wa Ujerumani, mkarimu kwa maskini, aliyemfadhili fundi wa kusugua vioo. Wananchi walilalamika kwamba fedha zile zingenunua mkate. Kazi ile ya vioo ndiyo iliyochangia kupatikana kwa hadubini, na hadubini ikaja kuokoa wengi zaidi ya wale ambao mkate ule ungewashibisha.

Ni simulizi nzuri, na kwa sehemu ilithibitika haraka. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, inayopiga picha za ardhi, mashamba na misitu, ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Lakini kuna jambo ambalo wanaoinukuu barua ile hawalitaji mara nyingi. Kwa miaka mingi picha za Landsat ziliuzwa, na katika miaka ya 1980, huduma hiyo ilipokabidhiwa kwa biashara, picha moja iligharimu maelfu ya dola. Wizara ya kilimo ya nchi maskini haikuwa na uwezo huo. Picha hizo zilifanywa za bure mwaka 2008, miaka 36 baada ya urushaji wa kwanza. Hadubini ilikuwepo, ila ilifungiwa kabatini.

Fedha zenyewe ni kiasi gani?

Bajeti ya NASA kwa mwaka wa fedha 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 24.9. Ni fedha nyingi mno kwa kipimo cha Burundi, lakini hazifiki nusu asilimia ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani. Mwaka 1966, maandalizi ya safari ya mwezini yalipokuwa yamepamba moto, sehemu hiyo ilizidi asilimia 4.

Wanaotaka fedha hizo zielekezwe kwingine wana hoja yenye uzito. Mwishoni mwa 2023 Umoja wa Mataifa uliomba zaidi ya dola bilioni 46 kwa ajili ya misaada ya kibinadamu ya 2024 duniani kote, na ulipata takriban nusu yake. Pengo lililobaki halipishani sana na bajeti ya NASA ya mwaka mmoja. Kwa hesabu ya karatasini, mwaka mmoja bila roketi za Marekani ungekaribia kuliziba.

Hesabu ya karatasini, hata hivyo, huchukulia kwamba fedha zinazookolewa katika mfuko mmoja huhamia katika mfuko jirani. Yaliyotokea 2025 hayakuonyesha hivyo. Utawala wa Rais Donald Trump ulilivunja shirika la misaada la USAID, ambalo shughuli zake zilikoma rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Katika miezi hiyohiyo, Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya NASA ipunguzwe kwa karibu robo, na ile ya utafiti wa kisayansi kwa karibu nusu. Hakuna aliyependekeza kwamba kilichokatwa angani kipelekwe kwa wenye njaa, wala kilichokatwa kwa wenye njaa kipelekwe angani. Chakula cha msaada na setilaiti za kuchunguza dunia viliwekwa katika orodha moja ya vitu vinavyoweza kuachwa.

Jingine husahaulika. Kampuni ya utafiti ya Novaspace ilikadiria kuwa serikali zote duniani zilitumia karibu dola bilioni 135 kwa shughuli za anga za juu mwaka 2024, na zaidi ya nusu ya kiasi hicho ilikwenda katika ulinzi na ujasusi. Anayeona uchungu kwa ajili ya vyombo vinavyochunguza Mihiri anatazama fungu dogo. Fungu kubwa halitangazwi kwenye televisheni.

Jinsi ziwa linavyopimwa kutoka juu

Upimaji huo ulianza na TOPEX/Poseidon, chombo cha Marekani na Ufaransa kilichorushwa tarehe 10 Agosti 1992 ili kupima uso wa bahari. Chombo hutuma wimbi la rada chini, wimbi hugonga maji na kurudi, na muda wa safari hiyo huonyesha umbali. Kwa kuwa mahali chombo kilipo angani panajulikana kwa usahihi mkubwa, kimo cha maji hupatikana kwa kutoa. Vyombo vilivyofuata, Jason-1 hadi Jason-3 na kisha Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020, vilirithi njia ileile na kurudi mahali palepale kila baada ya siku 10 hivi. Waliobuni mfumo huu waliwaza bahari. Baadaye wataalamu wa maji waligundua kwamba maziwa makubwa ya Afrika nayo yamo njiani, na sasa kuna mfululizo wa vipimo vya Tanganyika wa zaidi ya miaka 30.

Vipimo hivyo vina thamani ya pekee kwa ziwa hili kutokana na tabia yake. Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina kinachofikia mita 1,470. Linapokea mito mingi, ikiwemo Rusizi na Malagarasi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kalemie katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua za misimu kadhaa mfululizo zikizidi kawaida, ziwa hupanda taratibu, na likishapanda halishuki kwa wiki mbili. Wazee wa Bujumbura wanaukumbuka mwaka 1964, maji yalipopanda kwa namna kama hiyo. Karne moja kabla, hali ilikuwa kali zaidi: Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 alikuta Lukuga imeziba na maji yakiongezeka. Miaka michache baadaye mlango ulizibuka na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana mahali Ujiji panapokumbukwa kwa Stanley kukutana na David Livingstone sasa pako mbali na ufuko.

Ziwa linalopanda polepole namna hii ni ziwa linaloweza kutabiriwa. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa hilo Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoundwa kutokana na mkataba huo ina makao yake Bujumbura kwenyewe. Taasisi ya kijiografia ya Burundi, IGEBU, hufuatilia hali ya hewa na maji ya nchi. Setilaiti haichukui nafasi ya kipimo cha bandarini, ila huona upande wa Kongo na wa Zambia kwa wakati mmoja, bila kuomba kibali cha kuvuka mpaka na bila kusimama vita vinapozuka.

Kwa mafuriko yenyewe, chombo kinachofaa zaidi ni Sentinel-1 ya Umoja wa Ulaya, iliyorushwa mara ya kwanza Aprili 2014. Rada yake hupenya mawingu na giza. Kamera za kawaida hazifai sana Bujumbura wakati wa masika, kwa kuwa siku ya mafuriko ndiyo siku ya mawingu.

Maji ya mlimani hayasubiri

Mji huu, hata hivyo, una mafuriko ya aina mbili, na kuyachanganya kumeuharibu mjadala mara nyingi.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha katika vilima vilivyo juu ya Bujumbura. Katika muda wa saa chache maporomoko ya maji, matope na mawe yaliteremka hadi mitaa ya kaskazini, ikiwemo Kamenge na Kinama. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wamelala. Setilaiti inayorudi kila baada ya siku 10 haina la kufanya mbele ya usiku kama ule. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat, ambazo Ulaya imekuwa ikizirusha tangu 1977 na ambazo picha zake hupokewa na idara za hali ya hewa barani Afrika, huona wingu likijijenga, lakini kati ya wingu na mlango wa mtu kuna hatua nyingi: mtabiri aliye kazini usiku, simu inayopokelewa, kiongozi wa mtaa mwenye kipaza sauti, na mahali salama pa kukimbilia.

Kisha kuna vilima vyenyewe. Miteremko iliyopoteza miti hutema udongo kila msimu, na mito kama Ntahangwa inaendelea kula kingo zake katikati ya makazi. Picha za angani zinaonyesha wazi mahali miti ilipotoweka. Kuirudisha kunahitaji miche, vibarua wa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na mkulima aliyekubali kupunguza shamba ambalo tayari halimtoshi.

Gatumba, upande wa mpaka wa Kongo, inapata yote mawili. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na kuwafukuza maelfu ya watu. Mwaka uliofuata maji yalirudi, na 2024 tena. Wengine walihamishiwa katika mahema ya Maramvya, ambako makazi ya muda yaligeuka kuwa ya miaka. Waliorudi walirudi wakijua hatari. Hawakukosa taarifa; walikosa kiwanja kingine. Hapo ndipo hoja ya Sista Mary Jucunda ina nguvu zake zote, kwa sababu setilaiti haigawi ardhi.

Uzi unapokatika

Mfano wa Goma, kaskazini mwa Bujumbura, unaonyesha upande mwingine. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 na kuua watu wasiopungua 30. Katika siku zilizofuata, rada za setilaiti zilisaidia wanasayansi kutambua kwamba uji wa moto ulikuwa ukisonga chini ya ardhi kuelekea mjini na Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei mamlaka zikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Kabla ya hapo, lakini, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikuwa kimekaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea vipimo vya mitambo yake ya mlimani, baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kumalizika mwaka 2020. Angani kulikuwa na vyombo vya mamia ya mamilioni ya dola. Chini kulikosekana fedha za vocha, kwa lugha ya mitaani.

Mwishoni mwa Januari 2025 uzi mwingine ulikatika. FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na USAID mwaka 1985, uliondolewa ghafla kwenye intaneti serikali ya Marekani iliposimamisha misaada. Mtandao huo ulikuwa ukichukua vipimo vya setilaiti vya mvua na uoto, ukavichanganya na bei za sokoni, na kutabiri wapi chakula kitapungua. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofuatiliwa. Setilaiti hazikuzimwa hata moja. Kilichozimwa ni ofisi ya kuzisoma. Huduma ilirejea miezi kadhaa baadaye, na mashirika ya misaada yalikuwa yamepitisha sehemu ya mwaka bila chombo walichokizoea kwa miaka 40.

Majirani na setilaiti zao

Burundi haina setilaiti yake. Majirani zake wameshaanza. Rwanda ilipata RWASAT-1 mwaka 2019. Uganda ilishirikiana na taasisi ya teknolojia ya Kyushu ya Japani kutengeneza PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022. Kenya, ambayo pwani yake ya Malindi ilitumiwa na Waitaliano kurusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, iliirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi milioni 50 za Kenya. Ethiopia ilirusha ETRSS-1 Desemba 2019, na China ikabeba sehemu kubwa ya gharama.

Gharama hizi si za kutisha. Barabara ya kilomita chache huzidi Taifa-1. Walakini faida yake inapaswa kupimwa bila ushabiki. Setilaiti ndogo zinazoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga hushuka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili, na picha zake hazishindi zile za Ulaya zinazotolewa bure. Mavuno yake ni wahandisi waliofunzwa, na hayo si madogo kwa nchi inayotaka kubaki na vijana wake wasomi. Angola inakumbusha kwamba hasara nayo ipo: AngoSat-1, iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola, ilipata hitilafu muda mfupi baada ya kurushwa Desemba 2017 na haikuwahi kufanya kazi iliyokusudiwa.

Umoja wa Afrika umechagua njia ya kuchangiana. Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa mjini Cairo tarehe 20 Aprili 2025. Kwa ukanda huu kuna taasisi ya zamani zaidi na isiyotajwa sana: kituo cha ramani na rasilimali cha RCMRD jijini Nairobi, kilichoanzishwa 1975, ambacho Burundi ni mwanachama. Huko ndiko mtaalamu wa Bujumbura anakoweza kujifunza kuisoma picha ya Sentinel bila nchi yake kurusha kitu chochote.

Kwa Burundi, basi, mfuko wa fedha za anga za juu wa kuhamisha haupo. Mizani ya serikali yake ni kati ya gharama ndogo na nyingine ndogo: mishahara ya watumishi wachache wa IGEBU wanaoweza kugeuza kipimo cha setilaiti kuwa ramani ya mitaa, redio zinazotangaza kwa Kirundi kabla ya maji kufika, au mahema zaidi baada ya kufika. Kila moja ina watetezi wake, na anayelala hemani ana haki ya kwanza ya kusikilizwa.

Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 tayari inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni mwa Tanganyika ambamo ujenzi hauruhusiwi. Picha za setilaiti zilizopigwa kabla na baada ya mwaka huo zinapatikana bure, na zinaonyesha paa moja baada ya jingine likiongezeka ndani ya ukanda huo, mahoteli yakiwemo.